Kijiti na Vigari vya Matofali

Mke wa kaka yangu tulimwita Kijiti, kwa wembamba wake. Siku alipokuja kuomba kazi pale kwenye kiwanda cha matofali nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Kusukuma vigari kwenye reli, toka bandani mpaka tanuri, ni kazi ya wanawake wenye miguu! Mimi niliongoza wote kwa kusukuma miaka sita. Nyapara alipotangaza kwamba anastaafu, kila mtu alijua filimbi yake inakuja kwangu.

Kijiti hakusukuma kama sisi. Alifunga vipande vya tairi mbele na nyuma ya vigari. Kimoja kilichojaa akakisimamisha katikati ya njia. Kingine, uzito uleule, akakisukuma kikakigonga. Kilichogonga kikasimama papo hapo, kilichogongwa kikaondoka na karibu mwendo wote mpaka mlangoni mwa tanuri, naye keshageuka kufuata kingine.

"Uchawi huo," nikasema.

"Uchawi wa wapi, wifi? Mwendo haupotei, unahama tu. Mwenzako akiupokea, wewe unabaki huna."

Wenzetu wakaangua kicheko. Jioni hata kaka yangu, tumbo moja, anamsifu! Niliona wivu, sikatai.

Kesho yake, nyapara akitazama, nikaving'oa vile vipande vya tairi kwenye vigari viwili. Vitu vya kitoto. Kumbe ndivyo vilivyozuia kulabu za vigari zisikutane. Vigari vikagongana, kulabu zikashikana, vyote viwili vikajikokota pamoja kwa nusu ya mwendo, vikafia njiani.

"Wifi, umeviozesha!" akapiga kelele Kijiti.

Nikapandwa na hasira. Nikachukua kigari kitupu ambacho bado kilikuwa na vipande vyake vya tairi, ili kikimbie zaidi, nikakivurumisha kwenye kilichojaa. Kikagonga, kikanirudia mbio, kikanichapa goti. Nikaketi vumbini.

Kijiti akaninyooshea mkono. "Inuka, wifi. Chepesi kikigonga kizito kinarudi. Si ungeniuliza tu?"

Nikainuka mwenyewe. Nyapara akavua filimbi, akamvisha yeye, mbele ya macho yangu.

Nilifanya kazi chini yake miaka kumi na minne. Wote walifunga tairi. Mimi changu nilikisukuma kwa mikono toka bandani mpaka tanuri, goti likiuma. Mara moja tu aliniambia, "Wifi, acha ukaidi, utaumia."

Nikamjibu, "We piga filimbi yako."