Handaki la Vipande vya Watu

Wifi yangu ni fundi cherehani, na kwa miaka mingi sebule ya kaka yangu imekuwa ndiyo duka lake: cherehani dirishani, pasi juu ya meza ya chakula, nguo za watu zikining'inia kwenye kamba hadi mlango wa jikoni. Kilichomponza si mkono wake, maana kushona anajua. Ni mbwa.

Kamishna, kama kaka yangu alivyombatiza, alikuwa na nguvu tele na hakuwa na kazi. Akichoka kulala, alitafuna mapindo ya nguo za wateja. Alipolirarua gauni la mke wa kinyozi, wateja wakaanza kupungua. Daktari wa mifugo akamwambia wifi, "Mama, huyu si mkorofi. Hana la kufanya tu. Mpe kazi: aruke, apande, atambae."

Basi wifi akaunda kiwanja uani. Mipini ya mifagio aliilaza juu ya makopo ya rangi, ikawa viunzi vya kuruka. Meza ya kupigia pasi iliyovunjika miguu ikawa daraja. Tairi kuukuu likaning'inizwa kwenye nguzo ya kuanikia. Handaki la kutambaa alilishona mwenyewe kwa vipande vya vitambaa, refu kutoka ukutani hadi bombani, akalitanua kwa pete za waya. Kila jioni alichuchumaa mwisho wa handaki na kipande cha mkate, akimbembeleza Kamishna kama anayemwita mtoto kuoga. Mbwa akatulia. Nguo zikapona.

"Jumapili nawaita wateja wote," aliniambia. "Wajionee kwa macho yao. Watarudi tu."

"Na mbwa akikuaibisha?"

"Huyu? Thubutu!"

Wakaja. Kamishna akaruka viunzi, akapita katikati ya tairi, watu wakapiga makofi. Kisha akazama handakini, na macho yote yakalifuata lile tuta lililokuwa likikimbia ndani ya kitambaa.

Mke wa kinyozi ndiye aliyeacha kupiga makofi kwanza. Akainama. "Fundi, hiki cha zambarau si changu? Si uliniambia hakikutosha mikono mirefu?"

"Na hiki cha mistari," akadakia mwokaji mikate, jirani wa mlango wa pili. "Mimi naishi na pazia lisilofika chini, kumbe limevishwa mbwa!"

"Jamani, kila mtu atafute chake," mtu akasema, na kweli wakaanza kutafuta.

Kamishna akatokea upande wa pili, mkia ukicheza, akisubiri mkate. Wifi aliushika mkononi, akasahau kumpa. Kwamba mafundi hubakiza vipande, nani asiyejua? Lakini linalonong'onwa halina sura. Hili lilikuwa na rangi, na kila rangi ilikuwa na mwenyewe. Hata mimi nilikiona cha kijani, cha suti yangu ya kwanza ya kazini. Nikageukia ukutani, angalau macho yangu yamwache.

Kaka yangu akajaribu mzaha: "Mwizi ni Kamishna, mkamateni!" Watu wakaendelea kutafuta.

Kesho yake wifi alilifumua handaki lote, akavipiga pasi vipande, akavirudisha mlango kwa mlango. Mke wa kinyozi alipokea chake, akafunga mlango taratibu. Nadhani wifi angeshukuru kutukanwa.

Wa kwanza kurudi na kazi alikuwa mwokaji, na kitambaa cheupe cha aproni. Wifi akamsogezea kigoda karibu na mkasi.

"Keti hapa, mama. Nikate ukiona."

"Ah, fundi, nina mikate jikoni. Nitapita baadaye."

"Keti."

Akaketi. Wifi akakata, akakusanya mabaki yote, hata yale membamba kama ukucha, akayafunga fundo na kumwekea mapajani.

"Hata nyuzi, fundi?"

"Hata nyuzi."

Mwokaji akacheka. Lakini wifi alikuwa amepiga magoti, akipapasa sakafu chini ya meza, akitafuta kama kuna kilichobaki.