Nani Alikusuka wa Kwanza: Vichwa vya Amerika Katika Saluni ya Matonge

Siku yangu ya kwanza kazini nilimliza mteja, nikamfukuza bila kukusudia, naye akaondoka na kitambaa cha saluni shingoni. Nawaambia mapema, ninyi vijana mnaoshika kitana leo, msije mkadhani mimi, Maman Odile, nilizaliwa fundi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, Matonge, mtaa wetu Waafrika hapa Brussels, hatua chache kutoka metro ya Porte de Namur. Saluni yetu ilikuwa ndani ya galerie, ule ujia wa maduka ulioezekwa, na harufu ya samaki wa chumvi wa duka la jirani ilikuwa ikipigana na harufu ya shampuu yetu kutwa nzima. Mshindi alikuwa samaki.

Niliajiriwa niwe shampouineuse, yaani mwosha vichwa: unaosha, unafumua nywele za zamani, unafagia, unanyamaza. La kunyamaza lilinishinda tangu saa ya kwanza. Patronne wetu, mwenye saluni, mama mnene wa Kalemie mwenye sauti ya kuongoza kwaya, alikuwa na sheria moja: hakuna kupasua njia, ndivyo tunavyoita kugawa nywele kwa mkia wa kitana, kabla hujajua mwenye kichwa anatoka wapi. "Kichwa haina kwao, haiguswe," alisema. Huo si umbeya. Ukijua mteja ni wa Kasai au wa Kivu, unajua utamsalimu vipi, utamtania kwa lipi, na habari gani uiache ilale.

Basi akaingia mwanamke mweusi, mrefu, amevaa koti la watu wa Uccle, mtaa wa wenye pesa. Nikamketisha, nikamfunga kitambaa, nikaanza kufumua. Kifaransa chake kilikuwa cha shule na changu kilikuwa cha shule. Tofauti ni kwamba mimi changu nilikuwa nakijivunia.

"Madame, kwenu ni wapi?"

"Chicago."

"Ndiyo, Chicago unakaa. Mimi nauliza village."

"Chicago," akarudia, taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia.

"Na kabla ya Chicago?"

"Bibi yangu alitoka Mississippi."

"Aa, bon! Na kabla ya Mississippi?"

Kwenye kioo niliuona uso wake ukifungwa kama duka siku ya Jumapili. Machozi yakaanza kushuka. Akasimama, nusu ya kichwa imefumuliwa na nusu bado, akatoka, kitambaa chetu cheusi kikipepea mabegani mwake kama joho la askofu.

"Odile!" patronne akapaza sauti. "Muteja unafukuza, na kitambaa yangu unamupatia?"

"Patronne, nimefuata sheria yako."

"Sheria ni ya batu benye kuwa na jibu, wewe! Babu zake baliuzishwa utumwa, village atajua namna gani?"

Nami nilijihesabu miongoni mwa wenye jibu. Nikiulizwa kwetu, nilitaja kijiji cha baba yangu kifua mbele. Kumbe nilizaliwa Lubumbashi, katika nyumba za wafanyakazi wa shaba, na kijijini sijalala hata usiku mmoja. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikifika Charleroi tu naanza kutamani kitanda changu. Bahari nimeiona mara moja, Ostende, nikarudi na kikohozi, nikaapa kwamba bahari na mimi basi.

Wiki iliyofuata yule mama alirudi. Kitambaa alikuwa amekifua na kukipiga pasi. Aliitwa Denise, mumewe alifanya kazi ya ofisi hapa Brussels, na binti yao mdogo, Simone, alikuwa kando yake akila beignet, andazi la hapa. "Leo nitakufundisha kuuliza," akaniambia. "Usiniulize kijiji. Niulize nani alinisuka wa kwanza."

Patronne akaniachia nimsuke, nami nikauliza. Jamani! Mama yule alifunguka kama bomba! Alinipeleka jikoni kwa bibi yake, amekaa sakafuni katikati ya magoti ya bibi, kitana cha chuma kinapashwa moto juu ya jiko, redio inahubiri, na ole wake atakayetikisa sikio. Kitana hicho bibi alikuwa amekitia ndani ya furushi alipopanda treni kutoka kusini kwenda Chicago, bado msichana. Nilipofika kutia ncha za rasta kwenye maji ya moto, ambayo huzizuia zisifumuke, nilikuwa naujua mtaa wake, kanisa lake, na jirani ambaye bibi hakusalimiana naye hadi kifo.

Patronne akamwona Denise akitoka anacheka, kitambaa kimebaki. Hakunisifu, hakuwa na mazoea hayo. Aliuchukua ufagio mkononi mwangu akampa mwingine. Hivyo ndivyo nilivyopata kiti, na kiti katika kazi yetu ni kioo chako mwenyewe na wateja wanaokuja kwa jina lako. Denise alinitangaza huko Uccle, wanafunzi wa Ixelles wakasikia, na Amerika ikaanza kuja kwangu mimi niliyepanda ndege mara moja tu, ya kuja Ulaya. Raha iliyoje! Wengine husafiri waone miji. Mimi miji iliinamisha shingo mbele yangu.

Msinichukulie kama profesa. Nilisoma sekondari, nayo kwa kusukumwa, na Amerika naijua kwa kutazama visogo. Lakini visogo vinasema. Mwanzoni nilidhani Mwamerika mweusi ni mmoja, kama vile Wabelgiji wa jengo letu walivyodhani Mwafrika ni mmoja. Siku moja nilimwambia mteja wa Atlanta, aliyekuja kwa défrisage, yaani kunyoosha nywele kwa dawa, kwamba dada zake wa Oakland wangemwita msaliti. Akacheka hadi kiti kikazunguka. "Maman, kwetu mwalimu wangu alikuwa mweusi, daktari mweusi, meya mweusi. Sina cha kumthibitishia mtu. Nywele ni nywele!" Wa Oakland, wakisikia harufu ya ile dawa, waliniomba niwasukie kwenye korido. Kwao kichwa ni tangazo, na afro ikibonyea upande mmoja ni kama bendera imeanguka. Wa Chicago walipenda kusema "sisi": sisi tulikuja kwa treni, sisi tulinyimwa nyumba, sisi tulijenga kanisa. Na wa New Orleans hawakuuliza lolote kuhusu Afrika, kama mtu asiyeuliza habari za chumba anacholala. Siku moja muziki uliposikika kutoka baa ya mbele, mmoja wao alisimama na rasta nusu, akaingia kwenye mdundo sawasawa. Mimi, mtoto wa Kongo, nilimfuata nikicheza kama niliyebeba ndoo.

Patronne alipozeeka akafunga, nikahamia saluni kubwa ya Chaussée d'Ixelles, chini ya gérant, yaani meneja, kijana wa saa ya dhahabu na viatu vya ncha. Aliniita pembeni. "Maman Odile, watu wako wanakaa mno kitini. Ici on coiffe, on ne confesse pas. Hapa tunatengeneza nywele, hatuungamishi." Nikajibu, "Oui, monsieur," nikarudi kwenye kioo changu, nikaendelea kuungamisha.

Nikiwa huko ndipo Denise alipokuja siku moja bila kutaka kusukwa. Simone, yule wa beignet, alikuwa msichana mkubwa, na alitaka kuolewa na kijana wetu mmoja ambaye wazazi wake walifariki, akalelewa na mjomba wake, Tonton Crispin wa Kolwezi, mkazi wa Liège. Tonton alikuwa ameshasema waziwazi: msichana asiyejulikana kwao, hatambariki. Na kijana hangeoa bila neno la aliyemlea. Simone alikuwa hapati usingizi. Kulikuwa na présentation, siku familia mbili zinapokutana kabla ya ndoa, na kila upande huleta msemaji.

"Sisi hatuna msemaji," Denise akasema. "Utakuwa wewe."

"Mimi? Mimi hata kwenye mkutano wa jengo najificha chooni!"

"Wewe ndiye uliyeniuliza lile swali. Sasa ukalijibu."

Asubuhi ya siku yenyewe saluni iligeuka bunge. Dada yake Denise alikuwa amekuja kutoka Oakland. Alizaliwa Brenda, akajipa jina la Imani. Wifi yake Denise, Gloria, alitoka Atlanta. Imani alinisalimu, "Habari gani, dada!" Nikamjibu Kiswahili chetu cha Lubumbashi, "Bien, iko muzuri, na wewe?" Akainua kidole, akanisahihisha. Mwanamke wa California! Nilicheka hadi kitana kikaanguka kwenye sinki.

Kisha wakagombania kichwa cha Simone. "Ziache za asili," Imani akasema, "anaenda mbele ya Afrika!"

"Zinyooshe," Gloria akajibu. "Anaenda kuposwa, si kwenye maandamano."

Simone akazungusha kiti. "Tantine Gloria, tantine Imani, kichwa ni changu. Maman Odile, mistari mbele, nyuma ziachie." Mabunge yote mawili yakashindwa, nami nikasuka kwa furaha.

Jioni, sebuleni kwa watu wa kijana, Tonton Crispin alikaa wima, suti ya bluu, mikono juu ya magoti. Vinywaji havikufunguliwa, havifunguliwi kabla ya jibu.

"Bon. Huyu mutoto ni wa wapi?"

"Wa Chicago, Tonton," nikasema.

"Chicago ni ville. Mi nauliza village."

Nikamtazama Denise, nikauona ule uso wa kioo ukianza kufungwa tena. Simone alikuwa ameshika ukingo wa gauni lake, amelikunja lote ngumini.

"Tonton," nikasema, "mi nilishauliza ile swali. Muteja akakimbia na kitambaa ya patronne."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Tonton hakucheka.

"Uliza nani alimusuka wa kwanza," nikamwambia.

"Kusuka ni mambo ya banamuke, maman."

"Basi wewe, nani alikunyoa wa kwanza?"

Akafikiri. Mkono ukapanda wenyewe kichwani. "Mama yangu. Kolwezi, kwa wembe. Aliniumiza, ule mama!"

"Na yeye alifika Kolwezi namna gani?"

"Na train. Alikuwa mutoto, bibi yangu alimubeba. Na sufuria moja tu. Ile sufuria iko kwangu Liège mupaka leo."

Kabla sijasema neno, Denise alikuwa amesimama. Akaeleza kwa Kifaransa chake cha shule: bibi, treni, furushi, kitana cha chuma. Akafungua mkoba. Alikuwa nacho! Kitana chenyewe, cheusi, kizito, mpini umeungua. Gloria akaongeza bibi yake wa Atlanta, aliyefungua saluni barazani. Imani naye akalia, hata akasahau kutusahihisha. Tonton akakipokea kitana kwa mikono miwili, akakipima uzito.

"Train," akasema. Kisha kwa sauti kubwa, "Lakini hawa ni batu ya train kama sisi! Mutoto ana kwao. Kwao ni kwa bibi mwenye kitana. Fungueni vinywaji!"

Vigelegele! Simone akaachia gauni, likabaki na makunyanzi hadi mwisho wa sherehe. Na Tonton, bilauri mkononi, akanigeukia. "Na wewe, madame msemaji, village yako?"

Nikaitaja, kifua mbele.

"Aa, napajua vizuri! Ule muto ya pale, jina yake ni nani sasa?"

Sikuwa na jina la mto. Sikuwa na hata kijito. Walicheka hadi majirani wa chini wakagonga dari.

Nilistaafu mikono ilipoanza kuuma baridi ikiingia. Mkinisalimia barabarani mnaniuliza siri ya kazi ni nini, kama vile niliificha chini ya kiti. Shikeni kitana vizuri, msivute nywele za kwenye paji la uso, na msikimbilie kuuliza. Niliona miji ile ikibishana vichwani: mmoja unajijua kwa mali na shule zake, mwingine kwa msimamo, mwingine kwa treni, mwingine kwa ngoma. Lakini kila kichwa, ukikiuliza vizuri, kilinirudisha kwenye magoti ya mama fulani. Denise alirudi Chicago, akaniita mara nyingi. Nilimwuliza nani atamwagilia maua yangu.

Juzi Simone alinipandishia ngazi binti yake, nywele zake hazijawahi kusukwa. Nikamkalisha sakafuni katikati ya magoti yangu, nikapasua njia ya kwanza. Alipiga kelele, akatikisa sikio, nikamtisha kwa sauti ya bibi wa Chicago ambaye sikumwona maishani. Walipoondoka nilikuwa sijiwezi kwa furaha. Nikamkuta kwenye ngazi jirani yangu Papa Anselme, mzee wa Bukavu asiyejua kupunguza neno, nikamsimulia yote: kwamba siku moja mtoto huyu ataulizwa nani alimsuka wa kwanza, naye atataja jina langu, na watu watajua kwao.

Papa Anselme akaweka chini mfuko wake wa viazi, akanitazama toka kitambaa cha kichwa hadi kandambili, akasema: "Maskini ule mutoto! Village yake ni wewe, na wewe hata Ostende unaogopa kufika."