Rangi ya Kucha Kwenye Skrubu

Wateja walimwita Fundi Kucha. Ni mdogo wangu wa kike, tumbo moja, na jina hilo nilimpa mimi kwa kejeli. Kila alipokaza skrubu alifungua kichupa cha rangi nyekundu ya kucha, akachora mstari mwembamba kutoka kwenye kichwa cha skrubu hadi kwenye bamba. Skrubu ikilegea hata kidogo, mstari unakatika na unauona kwa macho. "Jamani, hapa ni karakana au saluni?" nilikuwa nasema, wateja wanacheka. Yeye hutabasamu tu, akaipuliza rangi ikauke.

Karakana yetu ni chumba kimoja chenye meza mbili na kabati la bati. Tunatengeneza magari ya rimoti, haya ya watu wazima wanaoshindana, si ya kumnyamazishia mtoto. Mimi nilishika rimoti na betri, yeye alifunga mota. Mtu akitazama anaona ni skrubu mbili tu. Thubutu! Mota ikikaa mbali na gia, meno yanaruka. Ikikaa karibu mno, yanasagana mpaka yanalia. Mdogo wangu alikata kipande cha karatasi ya daftari, akakipitisha katikati ya gia ndogo na gia kubwa, akaisogeza mota mpaka ikabana, akakaza, ndipo akakichomoa. Kikitoka kimekunjamana bila kuchanika, basi hapo ndipo penyewe. Na kila skrubu aliipima kwa rula kabla ya kuiingiza, maana skrubu iliyozidi urefu kidogo tu hupenya ndani ya mota ikagusa nyaya za koili. Kazini nilimwingiza mimi, lakini hayo alinifundisha yeye. Sikupenda kufundishwa, nasema ukweli.

Tena nina hasira za karibu. Mama watoto husema nikikosa kijiko naitukana meza. Na nina miwani ambayo mbele ya wateja siivai, eti nisionekane nimezeeka.

Jumamosi moja ya mashindano, mzee mmoja aliyestaafu udereva wa treni alipita asubuhi na gari lake. Mota ilikuwa imefungwa na mdogo wangu jana yake. "Fundi, nalisikia kama linalia," akaniambia. Mdogo wangu alikuwa hajafika. Ningemngoja robo saa tu, wapi! Nikalegeza skrubu zote mbili, nikaisogeza mota kwa kukisia, karatasi hata sikuitafuta. Skrubu moja ikaniponyoka, ikabingirika chini ya kabati. Kuinama nikaona taabu, kuvaa miwani nikaona haya. Nikatia mkono kwenye kopo, nikatoa nyingine inayofanana nayo, nikakaza. "Tayari, mzee wangu. Twende ukawaoneshe vumbi."

Mashindano yalikuwa kwenye uwanja wa saruji nyuma ya maghala. Mzunguko wa kwanza gari lilikimbia vizuri, mzee anacheka mwenyewe. Wa pili likaanza kusitasita. Wa tatu likatoa moshi, likasimama katikati ya njia, na harufu ya koili iliyoungua ikatufikia tulipokuwa. Mzee alikuwa amelikarabati gari lile mwaka mzima. Akalibeba mikononi, watu wote wakanigeukia mimi.

Wakati huohuo mdogo wangu akafika, anahema, ngumi moja ameifumba. "Kaka, hebu subiri kidogo, nilikuwa nataka..."

Sikusubiri. "Unataka nini? Skrubu mbili! Mbili tu zimekushinda! Unajua kupaka rangi, kazi hujui!" Mtu mmoja akacheka, na kicheko chake kikanipa nguvu. "Kaolewe na hicho kichupa chako!"

Mzee wa treni akamtazama kwa masikitiko. "Binti, na mimi nilikuamini," akasema.

Mdogo wangu alifungua mdomo. Akanitazama mimi, akamtazama mzee, akaufunga. Akageuka akaenda zake, ngumi bado imefumbwa.

Jumatatu hakuja kazini. Nikaifungua mota peke yangu, miwani usoni. Skrubu moja ilikuwa na mstari mwekundu uliokatika. Ya pili haikuwa na hata tone la rangi. Nikaichomoa, nikaiweka kwenye rula yake. Ilikuwa ndefu kuliko mwenzake, na ncha yake ilikuwa na vumbi la shaba. Loo! Nilikaa chini kwenye sakafu, mtu mzima na mvi zangu. Waliosema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi walikuwa wananisema mimi.

Mngedhani nilitoka mbio kwenda kwake. Hata! Niliitupa ile skrubu mtaroni. Mzee nikamfungia mota mpya, nikamwambia kwamba mdogo wangu amepumzika kidogo. Wateja walipouliza nikajitia hamnazo. Wiki tatu nilikula chakula kisicho na ladha, na mama watoto akiniuliza kulikoni nilimfokea, kisha naona aibu ya pili juu ya ile ya kwanza.

Mwisho nikaenda chumbani kwake. Alinikaribisha kwa heshima zake zilezile, akanipa kiti, yeye akakaa kitandani. Nilikuwa nimejiandalia maneno, na hata hapo nilikata kona. "Mdogo wangu, siku ile nilipandwa na hasira. Nisamehe kwa kukufokea. Makosa ya kazi ni ya kawaida, kila fundi hukosea. Rudi tu."

Alinyoosha mkono kwenye rafu, akateremsha kichupa cha rangi ya kucha. Chini yake palikuwa na kikaratasi kilichokunjwa. Akakifungua mbele yangu. Ndani ilikuwamo skrubu fupi, ukingo wa kichwa chake una alama nyekundu.

"Nilifagia asubuhi ile nikaikuta chini ya kabati," akasema. "Nikajua umeweka nyingine. Nilikimbia uwanjani nikuwahi kabla gari halijaungua."

"Ulikuwa nayo mkononi? Nilipokuwa nakutukana?"

"Nilikuwa nayo."

"Kwa nini hukunionesha mbele yao?"

"Wewe ni kaka yangu. Ningekuvuaje nguo mbele za watu?" Akaigeuza skrubu kwenye kiganja. "Nikasema atajua mwenyewe, atakuja aniambie. Wiki tatu nakungoja, kaka. Umekuja, na bado unanisamehe mimi."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Haikupasuka. Nikaiomba ile skrubu, akanipa.

Jumamosi iliyofuata, uwanjani palepale, kabla gari hata moja halijawashwa, niliinyanyua juu, miwani usoni. Nikasema yote: kabati, kopo, uvivu wa kuinama, mtaro. Nikasema sijawahi kuona mota aliyoifunga yeye ikaungua. Yule aliyecheka siku ile akaangalia viatu vyake. Mzee wa treni hakunitazama kabisa. Alimwendea mdogo wangu aliyekuwa amesimama nyuma, akamshika mkono. "Binti, uniwie radhi." Mdogo wangu akalia, mara ya kwanza tangu mambo yaanze.

Nikamfuata pembeni. "Basi kesho kutwa utakuja?"

"Nimekusamehe, kaka, Mungu shahidi," akajibu. "Lakini nimeshapata meza yangu."

Meza yenyewe iko mtaa uleule, milango minne kutoka kwangu. Siku hizi navaa miwani asubuhi mpaka jioni, napima kila skrubu, na kwenye droo nina kichupa cha rangi nyekundu. Juzi mzee wa treni alipita na gari lake kwapani. Akasimama mlangoni, akanisalimia vizuri, akaniuliza watoto hawajambo. Nikasogeza vitu nimpishe nafasi mezani. Akaniaga, akaendelea mbele, milango minne.