Benchi la Bibi Limeacha Kuyumba

Leo nimemliza bibi yangu kanisani, jamani. Na nilidhani namfanyia jambo jema!

Parokia yetu iko kwenye ukarabati. Bati jipya, vigae, rangi. Mimi nipo kamati ya ujenzi, basi nikamwambia fundi aanze na benchi analokalia Bibi. Linayumba tangu nizaliwe. Fundi akapigilia kipande cha mbao kwenye mguu mfupi. Likatulia.

Asubuhi kabla ya misa Bibi akaketi. Akajitikisa kushoto. Akajitikisa kulia.

Machozi.

"Nani kaligusa benchi la babu yako?"

Kumbe! Enzi za Mwingereza Bibi alikuwa msichana, anafagia kanisa kila Jumamosi. Marehemu Babu alikuwa seremala kijana wa kijiji cha Maji ya Chai, Mlutheri kabisa, kaitwa kututengenezea mabenchi. Hili moja akalipunguza mguu makusudi. Likiyumba, ataitwa tena. Akiitwa, atamwona Bibi.

"Jumamosi saba alikuja kulirekebisha," Bibi akasema, "na kila akiondoka linayumba zaidi."

Sasa niambieni, mimi ningejuaje?

Padre alikuwa nyuma yetu, anasikiliza yote. Akaomba nyundo, akapiga magoti na kanzu yake, akaking'oa kile kipande mwenyewe.

Bibi akaketi tena. Benchi likayumba. Akacheka, akasogea pembeni, akaacha nafasi ya mtu mmoja.

Nikataka kukaa hapo.

"Nenda nyuma," akaniambia. "Hapa pana mtu."