Maneno ya Bibi Niliyoyafupisha

Mwenzangu alitokea Tanga. Tulikuwa darasa moja la shahada ya uzamili, tukisomea utafiti na maendeleo ya jamii, na sote wawili tulitaka kuandika juu ya maarifa ya asili ya wakulima wa Ufipa. Mimi ni Mfipa wa Mollo, bibi yangu mzaa mama yuko Mwazye, kwa hiyo niliona jambo hilo ni langu kwa kuzaliwa. Msimamizi wetu hakuona hivyo. Alitupanga kijiji kimoja, Mwazye hiyo hiyo: mimi niandike juu ya matuta ya Kifipa, yale ya kufukia majani yaoze chini ya udongo, mwenzangu aandike juu ya wanawake na mbegu. Na kwa kuwa Kifipa hakijui, nimtafsirie.

Niliitikia. Moyoni nilikuwa nimeshanuna.

Tulifika Mwazye wakati wa kuvuna ulezi. Bibi aliipokea shikamoo yangu, akaniuliza habari za safari, kisha akamgeukia mgeni na hakumwacha tena. Asubuhi ya kwanza mwenzangu alishika kisu akaenda naye kukata masuke. Alijikata kidole, bibi akachana kipande cha kanga yake akamfunga. Siku hiyo nzima niliwasikia wakicheka, na hakuna aliyeielewa lugha ya mwenzake.

Mimi nilikuwa na dodoso langu. Shamba lina ekari ngapi? Matuta unalima mwezi gani? Bibi alinijibu neno moja moja, macho yakiwa kwa mwenzangu. Nilijiambia amechoka.

Siku ya nne, baada ya chai, mwenzangu aliweka simu kwenye mkeka arekodi, akaniomba nimuulize bibi mbegu yake ya ulezi ilitoka wapi. Bibi akaanza kusimulia kwa Kifipa, akimtazama mwenzangu.

Alisema binti wa ukoo wao akiolewa hupewa konzi ya kila mbegu ya mama yake, aende nayo kwa mumewe, ili siku nyumba moja ikipata njaa, nyingine iirudishie mbegu. Alisema mama yangu aliolewa Mollo na konzi hizo. Mwaka ambao mvua ilikatika Mwazye, wakala hata mbegu, mama yangu alidandia lori la mahindi, akashuka njiani, akatembea siku nzima, mbegu kichwani na mtoto mgongoni.

Mtoto huyo nilikuwa mimi. Mama yangu alikwishafariki, na hadithi hiyo sikuwahi kuisikia. Bibi alikuwa nayo miaka yote, akaja kumpa mtu wa Tanga aliyemjua kwa siku nne.

"Amesemaje?" mwenzangu aliuliza, kalamu mkononi.

"Anasema mbegu aliipata kwa mama yake."

"Hayo tu? Mbona amesema sana?"

"Wazee huzungukazunguka."

Akaandika mstari mmoja. Mimi niliyaandika yote kwenye daftari langu, na tuliporudi chuoni Sumbawanga nikayapachika katika tasnifu yangu ya matuta, sura nzima, ingawa hayakuwa mahali pake. Msimamizi aliisifu kuliko zote. Alimwambia mwenzangu kwamba kazi yake ina mapengo. Alipolia bwenini nilimbembeleza, na ndani yangu nikaona raha. Ninaona aibu kuandika hivyo, lakini raha niliiona.

Utaratibu wetu ulikuwa kurudi kijijini kabla ya kukabidhi tasnifu, watu wasikie tulichoandika juu yao. Mjomba wangu alikuwa akitafsiri kwa Kifipa. Niliposoma sura ile, bibi aliinua mkono.

"Hayo ni kweli," alisema. "Lakini sikukupa wewe. Nilimpa huyu." Akamwonyesha mwenzangu.

Mjomba alisita, kisha akatafsiri kwa Kiswahili.

Mwenzangu alinisubiri nje ya ofisi ya kijiji.

"Siku ile alisema yote hayo?"

"Alisema."

"Ukanipa mstari mmoja."

"Yule ni mama yangu," nilisema.

"Ungeniambia hivyo, dada. Ningezima simu."

Jioni nilimuuliza bibi kwa nini hakunisimulia mimi. Alikuwa akipepeta ulezi, hakuacha.

"Uliniuliza ekari, mjukuu wangu. Mwenzako aliuliza mbegu, nami nilijua wewe ndiye unayetafsiri, utasikia. Nilifikiri umesikia."

Niliitoa sura ile. Nilikaa na rekodi siku mbili, nikamwandikia mwenzangu kila neno, nikamweleza msimamizi nilichofanya. Alinikaripia kwa haki, nikarudishwa nyuma muhula mzima. Mwenzangu alimaliza kabla yangu. Katika ukurasa wa shukrani alimtaja bibi, kisha mama yangu, kisha mimi, mtafsiri. Nilirudia kuusoma nikitafuta kejeli, sikuiona.

Siku hizi mwenzangu humpigia bibi simu kila Jumapili baada ya misa. Amejifunza Kifipa kidogo, anakikosea, na bibi hucheka mpaka anakohoa. Wiki iliyopita nilikuwa jikoni kwa bibi nikisonga ugali, nikasikia kicheko hicho. Niliushika mwiko kwa nguvu, nikangoja wamalize.