Mikono ya Mokaya

Mume wangu Kipyegon hajawahi kuiba hata sindano ya mtu. Nalisema hilo mapema kwa sababu nitakayoyasema baadaye si mazuri, na mimi sipendi mtu aonewe, hata nikiwa nimemkasirikia namna hii.

Ni karani wa kupima majani chai kwenye bai senta yetu, kituo cha kupokea majani ya wakulima, huku milimani nje ya Kericho, mwaka wa kumi na sita sasa. Na ana ugonjwa mmoja: vitabu vya upelelezi. Vile vinene vya mitumba, vinavyouzwa chini kwenye turubai karibu na steji. Akimaliza kimoja anaenda kwa Oyugi wa duka la filamu kuuliza kama sinema yake ipo. Ikipatikana, Oyugi anamtilia kwenye flashi, na hapo nyumbani amani imeisha.

"Aa, wapi! Wameruka sura nzima! Jerusa, kwenye kitabu huyu mama alifia jikoni, sio kwa gari!"

Nikimwambia anyamaze tuone, ananuna kama mtoto. Lakini nisiseme uongo, nilipenda. Watoto walishaoa na kuolewa, na hizo sinema ndizo zilikuwa mazungumzo yetu. Alinifundisha kumjua muuaji kabla ya mwisho. "Usiangalie uso, uso ni mwongo. Angalia mikono. Na ukiona mtu anachoma kitu, huyo ndiye."

Kitabu alienda nacho mpaka kazini. Alama yake ya ukurasa ilikuwa jani la chai: anachomoa moja mezani na kikonyo chake, analitia ndani, anafunga. Mpaka leo vitabu vyetu ukivifungua vinanukia majani.

Sasa Mokaya. Huyu alitoka Nyamira kuja kuchuna chai ya Kogo Rodah (kogo kwetu ni nyanya), mjane aliyekuwa jirani yetu. Miaka minne alikaa kwake, akamwita mama, akamkamulia ng'ombe. Mwaka jana alienda kwao kuzika, akakaa wiki tatu. Aliporudi Jumatatu, shamba lilikuwa limekuwa msitu. Jumanne alishinda akichuna. Jioni ile ile Kogo Rodah akakutwa amelala kando ya tangi la maji, kichwa kimepasuka, amekufa.

Woi, tulilia! Yule nyanya alikuwa ametuombea sisi wote.

Kesho yake asubuhi watu walikuwa bai senta, hakuna aliyeleta majani, ni maneno tu. Nani amemuua? Mokaya alikuwa amekaa kwenye gunia, macho mekundu. Kipyegon akaweka kitabu chini. Ninamjua mume wangu: niliona vile alivyojinyoosha shati, nikajua anaingia kwenye sinema.

"Mokaya, jana ulikuwa wapi?"

"Shambani, mzee. Kutoka asubuhi mpaka saa ya kupima."

"Ukichuna?"

"Nikichuna."

"Hebu tuonyeshe mikono."

Mokaya akainua mikono. Wewe msomaji kama hujazaliwa kwenye chai, elewa hivi: mtu akichuna siku moja tu, utomvu unamshika vidole, vinakuwa vyeusi, na hata atumie sabuni gani, weusi unakaa siku kadhaa. Hapa kwetu mtoto wa chekechea anajua hiyo. Vidole vya Mokaya vilikuwa safi kama vya mhubiri.

"Mikono haidanganyi," Kipyegon akasema. Kwa sauti ile ya sinema.

Mokaya akafungua mdomo. Akamwangalia Kipyegon, akamwangalia sana, halafu akaufunga. Hakusema neno lingine. Vijana hawakungoja. Walisema mtu asiye na hatia angejitetea. Mikono hiyo ndiyo waliyoanza nayo, wakaiweka juu ya meza ya majani na kuipiga kwa rungu. Kipyegon alipiga kelele, "Wacheni! Apelekwe polisi!" Nani alimsikia? Moto ameuwasha yeye, sasa anataka kuuzima kwa mdomo. Chifu alipofika, Mokaya alikuwa hajui yuko wapi.

Wiki mbili baadaye ripoti ya daktari ikaja. Kogo Rodah hakuuawa na mtu. Ilikuwa presha: mshipa wa kichwa ulipasuka akiwa amesimama, ndipo akaanguka na kujigonga kwenye tangi. Polisi wakafunga faili. Lakini watu je? "Lisemwalo lipo," wakasema. "Kama hakuua, mbona alidanganya? Mbona mikono ilikuwa safi?" Jirani yangu Mellen alisema hivyo hivyo, akinywa chai kwangu.

Hapo nikabeba uji, nikaenda hospitali. Vidole vya Mokaya vilikuwa vimefungwa vyote, na daktari ameshasema vitatu havitakunjika tena. Nikamnywesha kwa kijiko. Nikamuuliza, "Mwanangu, siku ile mbona ulinyamaza?"

"Mama, nilitumia makasi."

Nikaweka kijiko chini. Anayekata kwa makasi hagusi utomvu, vidole vinabaki safi. Kwenye bai senta makasi hayaruhusiwi kabisa. Tunachuna kwa mkono, majani mawili na chipukizi. Kazi ya karani ni kumwaga majani mezani na kuyapekua. Akikuta vikonyo vimekatwa anarudisha mzigo wote, na akipitisha, kazi anapoteza yeye.

"Chai ilikuwa imerefuka sana, na Kogo alitaka mzigo ufike siku hiyo," Mokaya akasema. "Nilipeleka nikiogopa. Mzee akapima, akaandika, hakusema kitu. Nikajua ameona, amenihurumia tu. Sasa mbele ya watu wote ningesemaje nilikata kwa makasi? Ningemfukuzisha kazi. Na alinifanyia wema."

Siku hiyo ya Jumanne mimi nilipita bai senta, nikamkuta mume wangu ameinama kwenye kurasa za mwisho za kitabu, mkono mmoja kwenye mzani. Hata mimi hakunisalimia. Kumhurumia nani? Hakuona kitu! Aliandika namba ya Kogo bila hata kuangalia nani ameleta mzigo.

"Mama, mimi naenda nyumbani," Mokaya akasema. "Sitaki kitu. Mzee aseme tu kwamba yale majani yalikuwa ya makasi, watu wajue nilikuwa shambani. Mimi sikuua mama yangu."

Nilifika nyumbani nikamwambia Kipyegon yote, bila kumpunguzia. Kisha akainuka, akaenda kwenye rafu, akatoa kile kitabu cha Jumanne ile, akakifungua kurasa za mwisho. Jani lilikuwepo. Limekauka, lakini kikonyo chake kilikuwa kirefu, kigumu, kimekatwa sawasawa kama kwa kisu. Mtu wa chai haulizi hapo. Ni makasi.

Alilishika, akaligeuza huku na huku. Nikafikiri, sasa atalia, kesho atasimama aseme. Namfahamu, ni mtu mwema.

Alisogea jikoni, akalitia motoni.

"Imebaki miaka miwili nistaafu, Jerusa," akasema. "Na yule kijana ataenda kwao hata hivyo."

Haki ya Mungu nilitaka kumpiga na mwiko. "Kipyegon," nikamwambia, "ni wewe. Umenifundisha mwenyewe." Akaenda kulala bila kula.

Asubuhi nikaenda bai senta bila mzigo. Foleni ilikuwa ndefu. Nikasimama mbele ya meza ile ile nikasema kila kitu: makasi, kitabu, jani, na sababu ya Mokaya kunyamaza.

Mellen ndiye aliyeuliza. "Sasa hilo jani liko wapi, Jerusa?"

"Limechomwa."

Wote wakageuka kumwangalia karani wao. Kipyegon alikuwa amemwaga majani ya mtu mezani na kuyapekua moja moja, vile alivyopaswa kupekua siku ile. Hakuinua uso. Akayarudisha kwenye gunia, akalipandisha kwenye mzani, akaandika.

"Anayefuata," akasema, "alete mzigo."