Diski ya Kasi na Waya wa Taa za Dagaa

Mimi nilimaliza kidato cha nne kwenye darasa la jioni pale Ujiji, katika umri ambao wenzangu walikuwa wanakwenda kwenye mahafali ya watoto wao. Cheti changu kina C ya Kiswahili inayong'aa kiasi kwamba nikiifungua mchana watu hukinga macho. Fizikia nilipata F. Nalitaja hilo mwenyewe mapema, maana Ujiji ungelisikia tu.

Wengine wakihitimu huenda chuo. Mimi nilibaki darasani na kujiteua fundi wa kompyuta, cheo ambacho hakikuwa na mshindani kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine aliyekitaka. Kompyuta yenyewe ni kibao kimoja cha saketi, ukubwa wa mche wa sabuni uliokwisha kutumika kufulia wiki nzima. Haina kioo, haina vitufe. Unaipa umeme, inarusha masomo hewani, na wanafunzi wanayapokea kwenye simu zao bila bando. Masomo aliyarekodi mwalimu wetu wa fizikia kabla hajahamishiwa mkoa wa mbali, yote arobaini na mawili, akiwa amesimama mbele ya ubao na jogoo wa jirani akichangia hoja.

Hazina yote hiyo ilikaa kwenye kadi ya kumbukumbu yenye ukubwa wa ukucha. Nayo ilikuwa na mwendo wake. Ukibonyeza somo la nguvu na mwendo, ungeweza kupanda bodaboda mpaka soko la Mwanga, ukabishania fungu la nyanya, ukasalimia ukoo mzima wa muuzaji, ukarudi Ujiji na kukuta kiduara bado kinazunguka. Somo likifunguka lilicheza dakika mbili, likapumzika, kama mzee anayepanda mlima.

Wanafunzi wengi walivumilia, kwa sababu hata wao hawakuwa na haraka. Mwenye haraka alikuwa mama mmoja anayeanika dagaa Kibirizi. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi naye akiwa mgongoni, akakulia huku, akaolewa huku, akaanika dagaa huku mpaka jua lenyewe likamjua. Biolojia alikuwa amefaulu, kemia amefaulu. Fizikia ilikuwa imemrudisha mara mbili. Chuo cha uuguzi kilimwambia alete fizikia tu, kama mtu anavyotumwa dukani alete chumvi.

Na muda wake ulikuwa na mpaka. Ilikuwa miezi ile ziwa linapofungwa ili samaki wazaliane. Boti zimepinduliwa ufukweni, chanja za kuanikia ziko tupu, naye alikuwa huru kuja darasani kila alasiri. Ziwa likifunguliwa angerudi Kibirizi tangu alfajiri mpaka jua linazama, na dagaa hawamsubiri mtu amalize mada ya umeme. Mtihani ungekuja miezi michache baadaye. Kwa hiyo alichokuwa nacho ni wiki kama sita, kadi moja ya kumbukumbu, na mimi. Unaona mwenyewe msiba ulivyokuwa.

Kadi ikaanza kufa. Jumatatu moja somo la mwanga halikufunguka kabisa, Jumatano likafuata la sauti.

"Injinia," akaniita mama wa Kibirizi. Jina hilo alinipa yeye, na sikuwahi kusikia heshima ndani yake. "Umeme upo bado?"

"Betri imejaa."

"Nauliza mada ya umeme. Ndiyo iliyoniangusha mara zote mbili."

Nikaangalia. Ipo. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitaleta diski ya SSD, na masomo yatafunguka kabla hajabonyeza. Akaitikia "ego", ambayo ni ndiyo ya nyumbani kwao, lakini alivyoitamka ilikuwa na maana ya tutaona.

Diski niliitoa kwa fundi simu wa Mwanga, aliyekuwa ameichomoa kwenye laptop iliyokufa kwa kumwagiwa chai. Ni kijibao chembamba, kirefu kama kidole, hakina kinachozunguka ndani, na kasi yake ukilinganisha na kadi ni sawa na kumlinganisha swala na kinyonga mwenye malaria. Kibao cha kuishikizia kwenye kompyuta kilikuja na basi kutoka Dar es Salaam ndani ya boksi la dawa ya meno. Sijawahi kuungoja ugeni wowote kwa hamu namna ile.

Jumamosi alasiri nikafanya upasuaji mbele ya darasa zima. Nikauchomeka utepe wa mawasiliano, nikauchomoa, nikaugeuza, nikauchomeka tena na kueleza kwamba mara ya kwanza nilikuwa naupima. Diski nikaisukuma kwenye mdomo wake ikaingia. Skrubu ya kuibana mwishoni ilikuwa ndogo kuliko chembe ya mtama, na nilipopiga chafya ikahamia dunia nyingine. Mama wa Kibirizi akatoa uzi wa nyavu kwenye mkoba akaifunga diski kwa fundo moja. Mpaka leo halijalegea.

Sasa habari ya umeme. Kile chumba hakikuwahi kuingiziwa umeme. Mwenye nyumba alikuwa bado analifikiria suala hilo tangu ujana wake. Tuliupata kwa jirani, mzee mwenye boti za dagaa. Boti zake huvua kwa taa, taa zinawaka kwa betri za sola, na ziwa likifungwa betri zinalala stoo kwake bila kazi. Alikubali tuitumie moja kwa sharti kwamba isivuke kizingiti.

"Betri ikizoea kutembea," alisema, "siku ya kuingia ziwani nitaikuta matembezini."

Basi tukavuta waya kutoka stoo kwake, ukapita dirishani, juu ya ukuta, nyuma ya choo, mpaka darasani. Waya ulikuwa ule ule wa taa za boti, mwembamba na mrefu kama simulizi za baba yangu. Kigeuzi, yaani kile kidude kinachoshusha volti kumi na mbili za betri ziwe tano za kompyuta, tulikifunga ndani ya sanduku la betri kule stoo. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Kila mwenye boti hufanya hivyo: vitu vya thamani vinakaa sandukuni mbali na mawimbi, kinachotoka nje ni waya tu.

Nikawasha. Nikaunganisha na kioo kidogo cha televisheni chenye betri yake, nilichoazima ili watu waone maajabu, na kwa kweli kompyuta iliiona diski kabla sijamaliza kukohoa. Kwenye kona ya juu ya kioo kikatokea kialama cha radi.

"Ile radi ni ya nini?" akauliza mama wa Kibirizi.

"Ni alama ya kasi," nikasema bila aibu. "Kompyuta inakiri yenyewe kwamba sasa inakwenda kama radi."

Darasa likapiga makofi. Nikaanza kuhamisha masomo kutoka kwenye kadi kwenda kwenye diski. Somo la kwanza likapita, la pili likapita, la saba likafika katikati, kompyuta ikazima. Ikawaka tena yenyewe, na diski haionekani, utadhani haikuzaliwa. Nikarudia. Somo la tano, ikazima. Nikarudia tena.

Nililaumu vumbi. Nililaumu joto, nikamweka mtu apepee kwa jalada la daftari. Nikamlaumu fundi wa Mwanga na ukoo wake, nikailaumu chai iliyoua ile laptop, kwamba huenda diski nayo ilionja. Siku tatu nilihangaika hivyo, na kila kompyuta ilipozima ghafla kadi ilizidi kuugua. Tulipohesabu, masomo matatu yalikuwa yamekwenda na hayarudi: la mwanga, la sauti, na la sumaku.

Mama wa Kibirizi akaweka kiganja chake juu ya kompyuta, kama mtu anayemzuia mtoto asinyanyuke.

"Usiiwashe tena kwa hiyo diski," akasema. "Ukiijaribu mara mbili nyingine, utaumaliza na umeme wangu."

"Mama, huu ni utaalamu. Unahitaji subira."

"Wewe una subira. Mimi nina wiki tatu."

Nikaichomoa diski. Kompyuta ikarudi kwenye kadi yake na mwendo wake wa kinyonga, naye akakaa pembeni na simu yake akiingoja mada ya umeme ifunguke. Siku mbili alikuwa kwenye mada hiyo hiyo, anarudia kipande kimoja cha ukinzani wa waya, jogoo anawika, anarudisha, jogoo anawika tena. Siku ya tatu akaja na mita ya kupimia umeme ambayo mzee hupimia taa zake. Alikuwa ameazima mwenyewe, bila kunishirikisha mimi mtaalamu.

"Rudisha diski," akaniambia, "uhamishe somo moja, lile la utangulizi. Likipotea hilo silihitaji."

Akaenda stoo akapima kwenye kigeuzi: volti tano na nukta kidogo. Akarudi akapima mwisho wa waya, pale unapoingia kwenye kompyuta, diski ikiwa inafanya kazi: nne na nukta nne. Akaandika kwenye daftari, akazidisha kitu kwa kitu, midomo ikitembea. Kompyuta ikazima kama kawaida yake.

"Zinapotea njiani," akasema.

"Nini?"

"Volti. Kadi ilikuwa inakula kidogo, hukuona. Diski inakula sana, na waya wenyewe mrefu na mwembamba. Ni kama ndoo ya dagaa. Inatoka Kibirizi imejaa, mpaka ifike Mwandiga kila mtu ameonja."

"Sasa tutafanyaje? Waya mnene hatuna."

"Kigeuzi kije huku. Kumi na mbili ndizo zisafiri, zikionjwa njiani bado ni nyingi. Tano tuzipikie hapa hapa."

Nikamweleza, kwa upole wa mtu aliyesoma, kwamba kigeuzi hukaa na betri. Siku zote. Hata ziwani.

Akaangalia ukuta wa kulia, akaangalia ukuta wa kushoto. "Hapa ni ziwani?"

Watu wazima ishirini, nusu yetu tumekulia kwenye boti, tulikuwa tumekilinda kigeuzi dhidi ya mawimbi ya Tanganyika ndani ya chumba ambacho maji yake yote ni ndoo ya kunywa.

Kikabaki kizingiti cha mzee. Tulikwenda wawili, tukamwamkia, yeye akaendelea kushona wavu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mnataka betri itembee."

"Betri ibaki," akasema mama wa Kibirizi. "Kigeuzi tu."

"Leo kigeuzi, kesho betri, keshokutwa mtaniomba na boti mkasomee."

"Nitakaa nacho mimi, mzee. Kila jioni nakirudisha mkononi mwako."

"Na kikipotea nitakupata wapi?"

"Kwenye chanja zako. Dagaa zako anaanika nani?"

Mzee akaacha kushona. Kisha akaniangalia mimi. "Na huyu injinia kazi yake ni nini?"

"Anatusindikiza."

Kigeuzi kikavuka kizingiti ndani ya khanga, kimebebwa kama kichanga. Tukakifunga kwenye mguu wa meza, mkono mmoja kutoka kwenye kompyuta. Nikawasha. Kialama cha radi hakikutokea. Mmoja akasikitika kwamba kasi imekwisha, na hapo ndipo ilipobidi nikiri kwamba huenda, nasema huenda, ile radi ilikuwa kompyuta inalalamikia njaa. Walicheka mpaka mzee akaja kuuliza kama tumeharibu kitu chake.

Masomo thelathini na tisa yakahama bila kusimama, kwa mwendo ule ule wa kadi, lakini safari hii yakafika yote. Nikaiambia kompyuta iwe inaanza na diski, nikaichomoa kadi nikaiweka mfukoni. Tangu siku ile ukibonyeza somo mwalimu anakuwa ameshaanza kusema. Mama wa Kibirizi alimrudisha nyuma na kumpeleka mbele kama mtu anayepepeta mchele. Masomo matatu yaliyopotea aliyasoma kwenye kitabu kisicho na jalada alichoazima kule Gungu. Mimi nilimwomba radhi kwa hayo matatu. Akasema la sauti si kitu, jogoo amemfundisha.

Ziwa likafunguliwa. Asubuhi hiyo mzee alikibakiza kigeuzi kwake, akaja mwenyewe kuchukua waya wake, na darasa likakaa bila umeme mpaka tulipopata paneli ndogo ya kwetu. Mama wa Kibirizi alikuwa ameshamaliza mada zote, ya umeme mara nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu. Akarudi kwenye chanja zake. Akafanya mtihani. Nilipomuuliza ulikuwaje alisema ulikuwa wa maswali.

Matokeo yalipotoka nilikwenda Kibirizi na simu yangu, maana yeye mikono yake ilikuwa imejaa dagaa na wingu lilikuwa limeshakaa upande wa Kongo. Niliitafuta namba yake, mtandao ukajivuta, nikasema kitu kuhusu mtandao.

"Soma," akasema, hakuacha kugeuza.

"Biolojia na kemia hukurudia, hazipo. Ipo fizikia tu."

"Injinia."

"D."

Mikono ikasimama. "D inapita?"

"Inapita. Chuo kilisema ufaulu tu. D ni ufaulu."

Akavuta pumzi, akajifuta uso kwa mgongo wa mkono, akabakiwa na magamba mawili shavuni. Nilidhani atalia, nikawa nimeshaandaa maneno marefu ya kumfariji. Akaangalia wingu.

"Shika upande huo," akasema. "Tuwatoe hawa kabla mvua haijafika, halafu unisomee tena."

Nikakunja mikono ya shati nikashika.